Usiombe, Tufail

Gerezani, kaskazini mwa Uingereza
3 Novemba 1986

Dada yangu mpenzi Anwari,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii uisome peke yako kwanza, mama asikusikie. Ukishamaliza mwambie nimehamia jiko lingine na kazi ni nyingi. Si uongo mtupu, kwa sababu hata huku wamenipeleka jikoni, naosha masufuria.

Dada, niko gerezani. Kaa kitako kama umesimama.

Yakub wa kwa Bibi Hajran, yule tuliyesafiri naye, ameungua vibaya mikono na kifua kwa mafuta ya moto. Tulikuwa wawili jikoni, tunalishusha karai kubwa la kukaangia. Mpini wa lile karai ulikuwa umelegea tangu siku za joto, tumeufunga kwa waya, na mara ngapi tumemwambia Bwana Malik mwenye mkahawa anunue jingine. Siku ile tulikuwa tumetupiana maneno asubuhi, mimi na Yakub, mambo ya kijinga ya nani alale kitanda cha dirishani. Tukashika karai, yeye huku mimi kule, mpini ukachomoka. Basi. Bwana Malik alikuwa mbele kwa wateja, lakini polisi walipofika aliwaambia ameona kwa macho yake nikimmwagia mwenzangu mafuta kwa hasira. Angesema nini, kwamba karai lake ndilo bovu?

Nimepewa wakili wa serikali, binti wa Kizungu, Bi Hartley. Anaongea pole pole, lakini Kiingereza pole pole bado ni Kiingereza. Kila akija ananiambia neno moja na kuligonga mezani kwa kidole: plead. Tarehe mbili Desemba nitasimama mbele ya jaji, nami nitaulizwa neno hilo, na lazima niwe na jibu. Hilo tu ndilo nimeelewa. Mkalimani hawamleti mpaka siku yenyewe. Humu ndani Mwasia ni mmoja, Jabbar wa Mirpur, naye ananiambia, "Sema gilti, ndugu, wanakupa miaka michache, sisi wote tumesema gilti." Jabbar aliiba magari kweli. Simwamini.

Nakumbuka uliniandikia kwamba unasoma Kiingereza mchana na akina mama wenzio kwa Mwalimu Farkhanda, na ana kamusi nene. Mwulize neno hilo. Usimwambie la nani. Nimekuandikia hapa chini kwa herufi zao, kubwa kubwa, usije ukakosea.

P L E A D

Mdogo wako,
Tufail


Kijijini, wilaya ya Sahiwal
15 Novemba 1986

Tufail, mdogo wangu, moyo wangu,

Aleikum salaam. Nimeisoma barua yako nyuma ya zizi, nyati wananitazama. Mama nimemwambia umehamia jiko lingine. Ameuliza kama jiko hilo lina dirisha. Nikasema lina, Mungu anisamehe.

Sasa nisikilize, maana nina habari njema. Neno lako nimelipata. Nilimwomba Mwalimu Farkhanda akaenda na kidole chake mpaka chini ya ukurasa, akanisomea, nami nikalinakili kwa mkono wangu: iltija karna, minnat karna. Nilitaka kucheka na kulia. Neno lote lile la kutisha, kumbe ni kuomba. Kuomba kwa unyenyekevu, kusihi, kuangukia miguu. Tufi, hilo si ndilo tulilozaliwa nalo? Nani katika kijiji hiki hajui kuomba?

Kwa hiyo nimeelewa kila kitu. Jaji atakuuliza unasihi vipi. Sasa wewe ni mtu wa kichwa kigumu tangu utotoni, ndiyo maana nakuandikia kirefu. Usisimame pale kama mnara wa msikiti. Kumbuka baba alipopelekwa kwa Chaudhry, mkubwa wa kijiji, nyati asiye wetu alipokula mashamba yake. Baba hakusema nyati si wangu. Alivua kilemba, akakiweka chini, akasema, "Bwana, kosa ni langu, nisamehe." Chaudhry alifanya nini? Alimwinua kwa mikono yake mwenyewe, akamrudishia kilemba kichwani, akasema, "Hapana, hapana, kosa gani, keti unywe maziwa ya lassi." Yakaisha. Watu wote walijua nyati hakuwa wetu. Ndivyo mkubwa anavyopewa nafasi ya kuwa mkubwa. Ukimbishia, unamfunga mikono.

Jaji naye ni mtu mzima, ana watoto. Unganisha viganja, inamisha kichwa, sema kosa ni langu, nihurumieni. Neno la kosa kwa Kiingereza nilimwuliza Mwalimu vilevile, akasema ni hilohilo la Jabbar wako, gilti. Basi hata mwizi wa magari anaweza kusema jambo la maana.

Mimi kwa upande wangu nitakwenda kwa Bibi Hajran. Nitauweka mtandio wangu miguuni pake. Mama akisamehe, mtoto atasamehe, na Yakub akisamehe Waingereza watashikilia nini tena?

Nakuombea kila sala. Kula vizuri. Usigombane na Jabbar.

Dada yako anayekulea hata sasa,
Anwari


Gerezani
25 Novemba 1986

Dada Anwari,

Barua yako imefika leo, imefunguliwa na kufungwa tena na gundi, lakini maneno yote yamo.

Sitakuficha, nilipoisoma mara ya kwanza niliitupa kitandani. Kosa ni langu? Mimi niliyempaka Yakub unga wa ngano mikononi kwa sababu sikujua dawa nyingine, nikapiga kelele mpaka majirani wakaja? Nilikasirika na wewe, dada, na hata na baba, na kilemba chake.

Halafu nikafikiri. Wewe unajua watu kuliko mimi. Mimi ninajua unga na moto. Bi Hartley alikuja jana, nikamwonyesha viganja vilivyounganishwa, nikamwambia, "Plead, yes, plead." Akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akatikisa kichwa sana, akasema mengi, haraka, akachora karatasini mtu amesimama wima. Nadhani alisema nisimame wima kwanza ndipo niiname.

Basi nimekubali. Nafanya mazoezi nikiosha masufuria: gilti, sar, sori, sar. Jabbar ananisahihisha matamshi, anafurahi kama mwalimu aliyepata mwanafunzi. Anasema kwa kesi ya mafuta ni miaka mingi kuliko ya magari, lakini nikisema hivyo mapema wanapunguza. Sikumwuliza mingi ni mingapi. Nimejiambia jaji ataniinua.

Dada, kama hataniinua, mama utamwambiaje? Sijui. Fikiri wewe.

Tufail


Kijijini
25 Novemba 1986

Tufail, Tufail, Tufail,

Naandika mbio, usome hata pasiposomeka. USISEME LILE NENO. Usiseme gilti. Yote niliyokuandikia yatupe.

Nimetoka kwa Bibi Hajran. Nilimkuta anabandika mavi ya nyati ukutani yakauke. Sikumsalimu hata vizuri, nilivua mtandio nikauweka miguuni pake, nikaanza kulia kama nilivyopanga. Akasimama na mikono yake michafu, hakugusa mtandio.

Akaniambia nifunike kichwa, wanaume wanapita njiani. Nikasema sifuniki mpaka anisamehe. Akauliza, "Nikusamehe nini?" Nikasema ya Tufail. Akaniuliza maneno haya, nayaandika yote:

"Ndugu yako alimmwagia mwanangu mafuta?"

"Hapana, Bibi. Wallahi hapana."

"Sasa mtandio wa nini?"

"Wa heshima tu."

"Heshima ya kosa ambalo halipo? Sikiliza wewe. Bwana Malik alipiga simu posta, akasema ni Tufail. Mimi sikulala vizuri tangu hapo, nikajiambia, Tufail nimemlisha kwa mkono huu, labda si yeye. Nilikuwa na shaka. Leo unakuja na kichwa wazi, unalia mbele ya mlango wangu. Kijiji chote kimekuona. Shaka umeniondolea, Anwari. Mtu asiye na kosa haanguki hivi."

Tufi, nilihisi ardhi imeondoka. Nikaokota mtandio, nikajifunika. Na sijui hasira ilitoka wapi, mimi nisiyemjibu hata muuza mboga. Nikamwambia basi asimame anisikilize. Nikamweleza mpini, waya, na kwamba mlikuwa mmeshika wote wawili, na kwamba mtu hawezi kulimwaga karai alilolishika upande mmoja tu bila na yeye kuungua. Nikamwambia kidole chako cha mguu kimeungua pia, jambo ambalo silijui, nimelibuni, Mungu anisamehe, kama hakikuungua uniandikie nikamwombe radhi. Nikamwuliza Bwana Malik alikuwa jikoni kufanya nini mchana wa wateja. Nilipaza sauti. Majirani walipanda juu ya paa kusikiliza.

Akanikatiza. Akasema, "Waya?" Nikasema ndiyo, waya. Akasema Yakub aliwahi kumwandikia siku za joto kwamba wanapika kwa karai lililofungwa waya kama kitanda cha maskini, naye alicheka. Alirudi kwenye ukuta wake. Lakini nilipoondoka aliniita kwa nyuma, akasema, "Ungeanza na hayo. Nusu ya mchana umenipotezea na machozi."

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Farkhanda. Nikamwuliza, hilo neno lako, mtu asiye na kosa anaomba nini kwa jaji? Akaifungua kamusi. Tufail, neno linaendelea ng'ambo ya ukurasa. Alikuwa hajageuza. Aliona kuomba, akaridhika, nami nikaridhika. Kule ng'ambo limeandikwa wakalat karna, dalil pesh karna: kujitetea, kutoa hoja, kusimama na kesi yako. Neno moja, kwa mdomo mmoja. Waingereza hawa, mtu anayeanguka na mtu anayesimama wamewapa jina moja.

Mwalimu amelia. Nimemwambia asilie, hatuna muda.

Jaji hakuulizi unasihi vipi. Anakuuliza unasema nini juu ya shtaka, ulifanya au hukufanya. Ukisema gilti umekiri. Hakuna wa kukuinua. Wataandika.

Barua hii haitakuwahi, najua. Kesho asubuhi ninakwenda mjini kupiga telegramu. Karani anaandika kwa Kiingereza na mimi nitamwambia neno moja tu, usiombe. Ukilisoma utaelewa.

Dada yako,
Anwari


Gerezani
1 Desemba 1986

Dada,

Telegramu yako imefika. Askari aliniletea wakati wa chai, nadhani ilikaa ofisini kwao siku kadhaa. Imeandikwa: DO NOT PLEAD. SISTER.

Nimeisoma mpaka herufi zimeacha kuwa herufi. Neno lilelile ulilonifundisha, na mbele yake usi. Usisihi. Usiangukie. Kwa nini, dada? Ulikwenda kwa Bibi Hajran na mtandio, hilo naliona kama niko pale. Na jibu lake ni hili. Kuna jambo moja tu ambalo mama hawezi kusamehe, na ambalo baada yake kuomba hakuna maana.

Yakub amekufa. Sema tu. Hukutaka kuliweka kwenye telegramu asisome karani.

Nilimwuliza askari, Yakub, hospitali, akainua mabega. Bi Hartley haji mpaka kesho mahakamani. Nilimwuliza Jabbar mtu akifa wanafanyaje. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha, alinipa sigara, nami sivuti, nikaichukua.

Siwezi kusali vizuri. Nikisujudu namwona Yakub anavyopuliza mikono yake, puu, puu, kama mtoto aliyeshika chai ya moto. Siku ile aliniambia, "Kitanda cha dirishani lala wewe." Ndilo neno la mwisho alilonitamkia kabla hawajamchukua, sikukwambia. Nimelificha kwa sababu nikilisema nalia.

Kama amekufa sitasema chochote kesho. Siombi. Wafanye wanavyotaka. Mama mwambie nimepata kazi ya mbali sana.

Tufail


Gerezani
3 Desemba 1986

Dada yangu Anwari,

Yu hai. Yakub yu hai. Naanza na hilo kama na bismillahi.

Sasa nieleze polepole. Walinipandisha kwenye kizimba cha mbao. Jaji ni mwanamume mwenye mafua, anajifuta pua kila mara. Mkalimani ni mzee mmoja mtanashati wa Lucknow, Urdu yake ya mashairi, mimi mwenyewe naielewa nusu. Wakasoma shtaka, yeye akalitafsiri: kwamba mimi, siku fulani, nilimjeruhi Yakub. Nikamwambia, rudia hapo. Akarudia: nilimjeruhi. Nikamwuliza, hakufa? Akanitazama kama nimetukana. Akasema aliyejeruhiwa ni shahidi katika kesi hii, bwana mdogo, mfu hatoi ushahidi.

Niliinama mpaka paji likagusa kizimba. Nilishika ubao. Walidhani ninaangukia.

Ndipo jaji akauliza. Nilisikia neno kwa masikio yangu, plead. Na mzee wa Lucknow, na ulimi wake wa asali, akanigeukia akasema, "Mheshimiwa anauliza, una iltija gani?" Iltija, dada! Kumbe hata yeye, sasa nimesoma barua yako, hakugeuza ukurasa. Unaomba nini.

Kichwani nilikuwa na maneno yako mawili, la barua na la telegramu, yanapigana. Gilti sar sori sar ilikuwa imeshafika kwenye meno. Viganja vimeshakutana. Lakini Yakub alikuwa hai, na wewe ulikuwa umesema usi. Kama hakufa, basi kuna sababu nyingine ya kunikataza, na kama dada yangu aliyeniambia nianguke amelipia telegramu kuniambia nisianguke, anajua kitu. Nikatenganisha viganja.

Nikasema, "Siombi."

Mzee akaniambia kwa sauti ya chini nisifanye ujeuri, nijibu. Nikasema, "Siombi chochote. Dada yangu amenikataza." Akalitafsiri hivyohivyo, mtu mwaminifu. Watu wakacheka. Jaji hakucheka. Akauliza tena, nikajibu tena. Bi Hartley akasimama, akaongea, akanyoosha mkono kunielekea. Jaji akajifuta pua, akaandika.

Mimi nilijua ni miaka yangu inaandikwa.

Kule chini kwenye vyumba Bi Hartley alikuja na mzee. Akanielezea kwa kumfanya arudie mpaka nikaelewa. Sheria yao ni hii: mtu akikataa kujibu, jaji anaandika kwa niaba yake kwamba hana hatia. Yaani nilipofunga mdomo, walinijazia jibu, na jibu walilonijazia ndilo la kweli. Nikasema mbona hukuniambia. Mzee akacheka, akasema Bi Hartley amekuwa akiniambia mwezi mzima, na kunichorea picha.

Kesi yenyewe itasikilizwa Februari. Bwana Malik atakuja kuapa. Bi Hartley anasema neno lake ni zito kwa sababu anasema ameona, na ni yeye aliyewatafsiria polisi maneno ya Yakub pale hospitali. Nilimwomba arudie na hilo. Yakub hajui Kiingereza, dada. Yote waliyoandika kwamba Yakub kasema, aliyeyasema ni Bwana Malik.

Bado ni gereza. Bado nina hofu. Lakini nimelala.

Tufail

Kidole cha mguu ndiyo, kiliungua. Barua yako ya tarehe ishirini na tano imefika leo baada ya yote. Ulijuaje?


Kijijini
19 Desemba 1986

Mdogo wangu,

Barua zako tatu zimefika siku moja, na mtu wa posta kazipanga ya mwisho juu. Nashukuru. Ningeianza ile ya tarehe moja, usingekuwa na dada.

Habari za hospitali, kwamba aliyemsemea Yakub ni Malik, nilizipeleka kwa Bibi Hajran bila kuvaa vizuri hata viatu. Safari hii sikulia. Nilisimama mlangoni nikamsomea mstari ule mara moja. Aliosha mikono. Akasema yeye binafsi hajawahi kusikia sauti ya mwanawe tangu ajali, kila simu ni ya Malik. Ana mpwa wake huko huko kwenye kiwanda cha nyuzi. Tulikwenda mjini pamoja kupiga simu, yeye na mimi, tukikaa benchi moja, kikapu chake katikati. Alipompata mpwa wake alimwambia aende hospitali leo, ampate Yakub mwenyewe, si mtu mwingine, amwulize mpini.

Jana jibu limekuja. Yakub alisema tangu siku ya kwanza kwamba mpini ulichomoka. Hakujua kwamba wewe uko gerezani. Malik kamwambia umekimbilia London kwa aibu. Mpwa atampeleka kwa Bi Hartley wako na mkalimani mwingine. Bibi Hajran amesema nikuandikie kwamba mwanawe atasimama Februari hata kama itabidi abebwe, na kwamba bado ana hasira kwamba mlikuwa mnagombania kitanda. Hilo nimeliandika kama alivyolisema.

Najua Februari ni mbali, na Malik ana suti na wewe huna. Sikwambii yameisha.

Nina jambo moja la kukuuliza, na sina mwingine wa kumwuliza, imamu nitamwonea haya. Jana baada ya sala ya alasiri nilinyanyua mikono kukuombea kama kawaida. Nikaanza, Ee Mola, tuhurumie. Halafu sijui ilikuwaje, nikajikuta namweleza. Mpini, waya, unga uliompaka Yakub, simu za Malik, mama anayeuliza dirisha. Nilimpangia moja baada ya jingine, nikamwambia hili unalijua, na hili unalijua, na hili nalo uliliona. Nikamwuliza sasa kwa nini. Mikono bado iko juu, na mimi nabishana, Tufi, kama mke sokoni. Nilibishana mpaka mkeka ukaniumiza magoti.

Sijui kama inaruhusiwa. Lakini nilipomaliza niliona njaa, njaa ya kweli, ambayo sijaiona tangu barua yako ya kwanza. Nikaingia jikoni nikala mikate ya mahindi na mboga ya haradali nimesimama, kwa vidole, moja kwa moja kwenye sufuria, na mama akauliza ni nani huyo anayekula kwa kelele hivyo.

Dada yako,
Anwari